UZI: Mzee akiumia kwenye nyumba ya wazee Marekani, nani anawajibika na ushahidi unapatikana wapi

Zamu_ya_Usiku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Humu jukwaani tuko wengi wa Minnesota, Texas, Massachusetts na jimbo la Washington tunaofanya kazi ya ulezi, na wengine wana mzazi au mkwe aliyelazwa huko. Maswali yanayoletwa ni yaleyale. Mzee kaanguka kavunjika nyonga, uongozi unasema ni ajali tu. Mzee kaota kidonda kiunoni, uongozi unasema ni umri. CNA (mhudumu msaidizi wa nesi mwenye cheti) wa zamu anaitwa ofisini na kupewa karatasi asaini. Basi tuyaweke yote hapa. Ninazungumzia nyumba za uuguzi zenye leseni zinazopokea fedha za Medicare (bima ya serikali ya wazee) na Medicaid (ya wenye kipato kidogo), ambazo ndizo karibu zote. Makazi ya wazee wanaojiweza kiasi yana sheria zake. Anayezijua vizuri atuletee.

Natanguliza msimamo wangu ili anayepinga apinge mapema: jeraha peke yake halithibitishi kitu. Kinachothibitisha uzembe ni pengo kati ya yale nyumba iliyoandika kwamba itamfanyia mzee na yale aliyofanyiwa kweli. Na mara nyingi pengo hilo halianzii kwa CNA, linaanzia kwenye ratiba ya zamu.

Msingi wake ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 iliyorekebisha nyumba za uuguzi, na kanuni zake zimo kwenye 42 CFR (kitabu cha kanuni za shirikisho) sehemu ya 483. Mzee akishapokelewa, saa zinaanza kuhesabiwa. Ndani ya saa 48 lazima uwepo mpango wa awali wa matunzo. Tathmini kubwa, MDS, ikamilike kufikia siku ya 14. Mpango kamili uandikwe ndani ya siku 7 baada ya tathmini hiyo, kisha upitiwe kila robo mwaka na kila hali ya mzee inapobadilika sana. Humo mna mambo ya kawaida kabisa: ageuzwe mara ngapi, ahamishwe na watu wangapi, chakula kisagwe au kisisagwe, apelekwe chooni saa ngapi.

Ukiwa ndugu, omba karatasi hiyo kabla ya kuomba kitu kingine. Ukiwa mfanyakazi, isome kabla hujamgusa mzee, maana ndiyo utakayopimwa nayo.

---

NesiWaVidonda

Asante mkuu. Nianze na vidonda vya mgandamizo, kwa sababu ndiko nyumba nyingi zinakokamatwa.

Kanuni ni 483.25(b), na kwenye ripoti za ukaguzi utaiona kwa alama F686. Inasema mzee aliyeingia bila kidonda asiotwe na kidonda, isipokuwa hali yake ya kiafya ionyeshe kwamba kisingeepukika. Mawakili wa nyumba hulikumbatia hilo neno la mwisho. Lakini ili nyumba idai kidonda hakikuepukika, lazima ionyeshe kwamba ilimpima mzee hatari zake, ikapanga, ikatekeleza, ikafuatilia, na ikabadilisha mpango ulipokuwa haufanyi kazi. Kukikosekana kimoja, utetezi huo umekufa.

Hatari hupimwa kwa alama za Braden, kuanzia 6 hadi 23. Mtu mwenye 18 kushuka chini yuko hatarini. 12 kushuka, hatari ni kubwa. Zinazoangaliwa ni hisia za mwili, unyevu wa ngozi, kutembea, kujigeuza kitandani, lishe, na ngozi kusuguana na shuka. Nimeorodhesha ili muelewe kwamba kugeuza peke yake hakutoshi. Mzee anageuzwa kila saa 2 barabara kabisa, lakini pampasi imelowa kwa muda wa saa 5 na hali chakula: ataota kidonda tu.

Yanayokosewa kwenye ugeuzaji wenyewe ni haya. Mzee analazwa ubavu wima kabisa, uzito wote unakaa kwenye mfupa wa nyonga, wakati anatakiwa alale mshazari, kama nyuzi 30, mto ukiwa nyuma ya mgongo. Visigino vinawekwa juu ya mto badala ya mto kukaa chini ya shavu la mguu ili visigino vining'inie bila kugusa chochote. Kichwa cha kitanda kinaachwa juu kutwa nzima; mzee anateleza taratibu kuelekea miguuni, ngozi inabaki nyuma, nyama inavutika. Kidonda cha kuteleza huko huanzia ndani na huwa kibaya.

Sasa jambo linalotuhusu watu weusi hasa. Daraja la kwanza huelezwa kuwa ni wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi huo wekundu hauuoni. Gusa kwa mgongo wa mkono: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au pametepeta, mzee anashtuka ukipagusa, au pameiva rangi kuliko ngozi ya jirani. Chati iliyojaa "ngozi salama" kwa mzee mweusi halafu ghafla ikaruka hadi daraja la 3, ambako mafuta ya chini ya ngozi yanaonekana, maana yake hakuna aliyekuwa anagusa. Kidonda hakiruki madaraja kwa usiku mmoja.

Isipokuwa jeraha la ndani la mgandamizo, lile la rangi ya zambarau. Hilo huweza kujitokeza saa 48 hadi 72 baada ya mgandamizo wenyewe. Mzee akitoka hospitali Jumatatu na zambarau ikaonekana Jumatano, nyumba inaweza kuwa na haki kusema lilianzia huko. Ndiyo maana ukaguzi wa ngozi siku ya kupokelewa, kichwa hadi unyayo, ni karatasi ya thamani sana kwa pande zote mbili.

---

Binti Kilwa

Da' Nesi, ndugu akikikuta kidonda anaruhusiwa kupiga picha? Wengine huambiwa ni marufuku.

---

NesiWaVidonda

Binti, mzee mwenyewe akikubali, au anayemwakilisha kisheria akikubali, picha ya mwili wake ni yake. Usimpige mwenzake wa chumbani, wala karatasi za mgonjwa mwingine zisionekane nyuma. Weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane, mwanga wa kutosha, na piga tena kila baada ya siku chache. Kisha linganisha na vipimo vyao: kidonda hupimwa angalau mara moja kwa wiki, urefu kwa upana kwa kina, kwa sentimita. Ukiona vipimo vilevile vimenakiliwa wiki 4 mfululizo huku picha zako zinaonyesha kinakua, hiyo ni kesi.

---

Mkenya_Lowell

Hapo kwa kuanguka wacha niongeze, alama yake kwenye ukaguzi ni F689.

Watu hudhani kila kuanguka ni uzembe. Sivyo. Mzee ana haki ya kutembea, na nyumba haitakiwi kumfunga kitini ili asianguke. Swali ni: baada ya kuanguka mara ya kwanza, nini kilibadilika? Kila kuanguka lazima kuzae uchunguzi wa sababu na badiliko kwenye mpango. Kuanguka kwa kwanza nyumba hujitetea vizuri. Kwa tatu, saa ileile ya alfajiri, njia ileile ya kwenda choo, mpango ukiwa bado umeandikwa "mkumbushe abonyeze kengele", hapo hakuna utetezi. Mzee mwenye usahaulifu hakumbuki kengele, ndiyo maana yuko pale. Dawa yake ilikuwa kumpeleka choo kabla ya hiyo saa. King'ora cha kitanda pia wanakipenda sana, lakini kikilia mzee ameshasimama; kama mhudumu yuko mwisho wa korido na wazee 14 wengine, kinatangaza tu kuanguka.

Baada ya kuanguka, usimnyanyue. Nesi aje kwanza. Mguu mmoja ukionekana mfupi na unyayo umegeukia nje, hiyo ni nyonga mpaka eksirei ikatae. Kama hakuna aliyeona alivyoanguka, hesabu kwamba kichwa kimegonga. Utaratibu wa kawaida ni kumchunguza fahamu, mboni, nguvu za mikono na shinikizo la damu kila dakika 15 saa ya kwanza, kisha kila nusu saa, kisha kila saa, halafu kila zamu mpaka zitimie saa 72. Mzee anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda anaweza kuongea vizuri jioni na asiamke asubuhi, damu ikivujia ndani ya fuvu polepole. Nyumba kutompeleka hospitali kwa sababu "alikuwa sawa" ni kosa ambalo huwa linagharimu pesa nyingi sana.

Na kanuni inataka daktari na mwakilishi wa mzee wajulishwe mara moja ajali ikileta jeraha linaloweza kuhitaji daktari. Simu iliyopigwa kesho yake saa 4 asubuhi ni ukiukaji unaojitegemea, hata kama kuanguka kwenyewe hakukuwa na mwenye kosa.

---

Chapa Kazi

Wakuu kuna majeraha mnayaruka. Haraka haraka:

Mashine ya kunyanyulia. Nyumba nyingi zinataka watu 2, na mpango wa mzee husema hivyo. Kinachotokea: mmoja anaifanya peke yake kwa sababu mwenzake kaitwa chumba kingine. Kitambaa si saizi ya mzee, au vitanzi vya kulia vimewekwa rangi tofauti na vya kushoto, mzee anainama upande mmoja na kuchomoka. Miguu ya mashine haikupanuliwa, ikapinduka. Kagua mishono ya kitambaa kabla, kikianza kufumuka kitupe.

Reli za kitanda. Mzee mwembamba anaingia kwenye nafasi kati ya godoro na reli, shingo inabanwa. Mwongozo wa FDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wa 2006 unataka nafasi kichwa kinapoweza kupita iwe chini ya inchi 4¾, yaani kama sentimita 12. Godoro likibadilishwa na jipya jembamba, nafasi inabadilika na hakuna anayepima tena. Na reli haifungwi bila tathmini na ridhaa.

Maji ya moto. Nyuzi 140 za Farenhaiti, yaani 60 za Selsiasi, huunguza ngozi mpaka ndani kwa sekunde 5. Kwa 120 huchukua dakika 5. Mzee mwenye kisukari miguu haisikii, hatapiga kelele.

Kupaliwa. Karatasi imesema vinywaji vizito, yaani vilivyokorezwa ili asipaliwe, mtu wa jikoni kamletea maji ya kawaida.

Dawa za kutuliza akili. Mzee mwenye usahaulifu akipewa dawa za wagonjwa wa akili ili tu anyamaze, huko ni kumfunga kwa dawa. FDA ilitoa onyo lake kali kabisa mwaka 2005 kwamba dawa za kundi hilo huongeza vifo kwa wazee wa aina hiyo.

Na kwa Minnesota: mzee kutoka nje Januari bila koti. Mlango wenye king'ora kilichozimwa kwa sababu kinasumbua.

Ila nipinge kidogo. Zamu_ya_Usiku unawatetea CNA mno. Aliyenyanyua peke yake kajua mpango unasema 2. Kosa lake liko palepale.

---

Zamu_ya_Usiku

Mkuu sikatai, kosa lake liko. Ninachosema ni kwamba haliishii kwake. Aliyepanga wahudumu 2 kwa wazee 30 ambao 9 wanahitaji mashine, aliyajua hayo kwa hesabu tu, kabla zamu haijaanza. Muulizeni yeye vilevile.

---

Fundi Karatasi

Nimengoja mada ifike hapa. Kesi za namna hii watu hushinda au kushindwa kwa karatasi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mzee au mwakilishi wake akiomba kuona rekodi, hata kwa mdomo, nyumba ina saa 24 kumwonyesha, bila kuhesabu wikiendi na sikukuu. Nakala anazipata kwa notisi ya siku 2 za kazi, kwa kulipia. Iko 483.10(g). "Tutawasiliana na makao makuu" si jibu. Omba kwa maandishi, weka tarehe, baki na nakala.

Usiombe "faili lote" ukapewa kurasa zilizochaguliwa. Taja: mipango yote ya matunzo pamoja na matoleo yaliyofutwa, MDS zote, alama za Braden na za hatari ya kuanguka, karatasi za ngozi na vidonda, rekodi ya utoaji dawa na matibabu, kumbukumbu za CNA za kila zamu (kugeuza, kula, kunywa, choo), uzito wa kila mwezi, maelezo ya manesi, maagizo ya daktari. Uzito ukishuka asilimia 5 kwa mwezi mmoja na hakuna aliyemwita mtaalamu wa lishe, umeshapata ukurasa wa kwanza.

Ripoti ya tukio mara nyingi watakunyima wakisema ni ya ndani, ya kuboresha huduma. Usipoteze wiki 3 kubishana, wakili ataipigania baadaye.

Sasa angalia chati za uongo. Kugeuza kumeandikwa 8:00, 10:00, 12:00, 2:00, dakika kamili, wazee wote 12 kwa wakati mmoja, na saini moja. Hakuna binadamu anayegeuza watu 12 kwa dakika moja. Mfumo wa kompyuta una kumbukumbu ya nyuma inayoonyesha aliyeingia, saa aliyobonyeza, na kama aliandika usiku mzima kwa mkupuo saa 12:40 asubuhi akiharakisha kutoka. Ilinganishe na saa alizopiga kadi ya kazi. Kuna chati zinazoonyesha mzee alikula asilimia 100 ya chakula cha jioni siku ambayo gari la wagonjwa lilimchukua mchana. Baraza la mahakama likiona mstari mmoja wa aina hiyo, haliamini tena mstari wowote, hata ule wa kweli.

Idadi ya wahudumu: kila nyumba hubandika kila siku karatasi ya manesi na CNA waliopo, na lazima itunzwe angalau miezi 18. Saa zilizolipwa hupelekwa CMS (ofisi ya shirikisho inayosimamia Medicare na Medicaid) kila robo mwaka kutoka kwenye mishahara, na mtu yeyote anaweza kuzipakua. Ripoti za ukaguzi ni fomu CMS-2567, ziko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Care Compare, na nyumba inatakiwa kuziweka mahali mgeni anapoweza kuzisoma bila kuomba. Angalia herufi ya uzito wa kosa: A mpaka L. G maana yake mtu aliumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo hapo. Nyumba iliyoandikiwa G ya vidonda mwaka jana, ikaahidi kurekebisha, halafu mzee wako akaota kidonda mwaka huu, haiwezi kusema haikujua.

Video za korido hujifuta zenyewe, pengine baada ya wiki chache tu. Barua ya kuwataka wahifadhi kila kitu iende siku hiyohiyo.

---

Mkenya_Lowell

Na ile sheria ya idadi ya wahudumu ya Biden imefikia wapi?

---

Mzee wa Mahakama

Haifai kuitegemea. CMS ilitoa kanuni 2024: saa 3.48 za huduma kwa mzee kwa siku, na nesi aliyesajiliwa saa 24. Mahakama ya shirikisho Texas ikaitengua Aprili 2025, na Julai mwaka huohuo Bunge likazuia isitekelezwe mpaka 2034. Kilichobaki ni cha zamani: nesi aliyesajiliwa saa 8 mfululizo kila siku, nesi mwenye leseni muda wote, na wahudumu "wa kutosha" kwa mahitaji ya wazee waliopo. Hilo "wa kutosha" ndilo linalobishaniwa mahakamani, ndiyo maana takwimu za Fundi Karatasi zina kazi. Baadhi ya majimbo yana viwango vyake.

Nani anashtakiwa? Mwajiri huwajibika kwa kosa la mfanyakazi aliyekuwa kazini. Hiyo ni njia ya kwanza. Njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ni nzito zaidi, ni uzembe wa kampuni yenyewe: kuajiri wachache, kutofundisha, kutotengeneza mashine. Tatizo ni kwamba nyumba moja huwa na makampuni matatu. Moja ina leseni na haina mali. Nyingine inamiliki jengo na kukusanya kodi. Ya tatu "inasimamia" na kuchukua ada. Ukiishtaki ile ya leseni peke yake, unaweza kushinda na ukakuta mkoba mtupu na bima ndogo. Kwa hiyo wakili atafuatilia nani alipanga bajeti ya mishahara, na Care Compare huorodhesha wamiliki, ni pa kuanzia.

Lazima uthibitishe wajibu, ukiukaji, madhara, na kwamba madhara yametokana na ukiukaji huo. La mwisho ndilo gumu. Mzee ana umri wa miaka 88, kisukari, figo mbovu, halafu kafa na maambukizi ya damu. Wao watasema figo. Wewe unahitaji daktari wa kusema kijidudu kilichokuwa kwenye damu ndicho kilichokuwa kwenye kidonda. Kwa hiyo wakati mzee bado yuko hospitali, hakikisheni majibu ya maabara ya kidonda na ya damu yanaingia kwenye faili.

Muda wa kufungua kesi hutofautiana. Texas na Florida miaka 2. Massachusetts na Washington 3. Minnesota 4 kwa jeraha linalotokana na mtoa huduma za afya, 3 kwa kifo. Kuna vizingiti kabla na baada: Texas notisi ya siku 60, kisha ripoti ya mtaalamu ndani ya siku 120 baada ya mshtakiwa kujibu, ukikosa kesi inafutwa na unalipa gharama zao. Florida notisi ya siku 75. Minnesota hati ya kiapo kwamba mtaalamu amepitia madai. Msiende kwa wakili mwezi wa 22, hakuna atakayeipokea.

Minnesota pia, kabla ya 2023, madai ya maumivu ya mzee yalikufa naye. Sheria ilibadilishwa mwaka huo, sasa yanaendelezwa na mdhamini anayeteuliwa na mahakama. Wanaosoma makala za zamani wajue hilo.

Nyumba ikiwa ya kaunti au serikali, kuna mlango wa ziada: Mahakama Kuu ya Marekani, Juni 2023, kesi ya Talevski kutoka Indiana, iliamua kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba haki fulani za sheria ya 1987 zinaweza kudaiwa moja kwa moja kupitia sheria ya haki za kiraia. Ilihusu mzee aliyetulizwa kwa dawa na kuhamishwahamishwa.

---

Binti Kilwa

Na ile karatasi ya usuluhishi, ya kukubali kutokwenda mahakamani, wanayokusainisha siku ya kumpokea mzee?

---

Mzee wa Mahakama

Usisaini. Kanuni ya 2019 inasema hawawezi kuifanya sharti la kumpokea mzee, lazima waieleze kwa lugha unayoielewa, na ukishasaini una siku 30 za kuifuta. Iko katikati ya kurasa nyingi za kupokelewa, umechoka, unasaini kila palipowekwa msalaba. Zikishapita siku 30 mahakama nyingi zitaiheshimu. Mahakama Kuu ilishawabana Kentucky mwaka 2017 walipojaribu kuwekea mikataba hiyo masharti ya ziada. Kitu cha kuangalia ni nani alisaini. Binti aliyesaini bila kuwa na mamlaka ya kisheria ya kumwakilisha mama yake huenda hakumfunga mama yake kwa lolote.

---

Chapa Kazi

Mmetaja kampuni, lakini jinai je? Si kuna watu walikufa kwa joto Florida?

---

Fundi Karatasi

Rehabilitation Center at Hollywood Hills, Septemba 2017. Kimbunga Irma kilikata umeme wa kiyoyozi, taa na umeme mwingine vikabaki. Siku zikapita, joto likapanda, hospitali ikiwa hatua chache tu kutoka pale. Vifo 12 viliandikwa kuwa vya kuuawa. Manesi watatu na msimamizi wa nyumba walishtakiwa. Mashtaka ya manesi yalifutwa 2022, na msimamizi aliachiwa na jaji Februari 2023 hata kabla baraza halijaamua. Nyumba ilipoteza leseni. Baadaye Florida ilitunga sheria ya jenereta na mafuta ya kuhakikisha joto halizidi nyuzi 81 za Farenhaiti kwa saa 96. Jinai ni ngumu kuithibitisha. Leseni na madai ya fidia ndivyo vinavyouma.

---

Zamu_ya_Usiku

Kwa CNA wenzangu.

Ukiona au ukishuku unyanyasaji au kutelekezwa, toa taarifa ndani ya saa 2 kama kuna unyanyasaji au jeraha kubwa, saa 24 kwa mengine. Ukishuku kosa la jinai, wajibu ni wako binafsi, kwa polisi na kwa idara ya jimbo, kumwambia msimamizi peke yake hakukuondolei. Kulipiziwa kisasi kwa kutoa taarifa ni kosa. Minnesota namba moja ya kupigia ni MAARC, kituo cha jimbo cha kupokea taarifa za unyanyasaji wa watu wazima. Kila jimbo pia lina mtetezi wa wakazi, ombudsmani, na huyo hutunza siri.

Zamu ikiwa na upungufu, mwandikie nesi msimamizi ujumbe wenye saa: "Niko peke yangu na wazee 22, chumba 14 na 16 hawajageuzwa, naomba msaada." Usiandike kwenye chati kitu ambacho hukufanya. Andika "haikufanyika". Inatisha, najua, lakini chati yenye pengo inaishtaki nyumba. Chati ya uongo inakushtaki wewe.

Ukiitwa kwa uchunguzi, omba barua. Tuhuma ikithibitishwa jina lako linaingia kwenye rejesta ya CNA na huajiriki tena nyumba yoyote ya uuguzi. Una siku 30 tangu tarehe ya notisi kuomba kusikilizwa. Wengi hawafungui barua, au imekwenda anwani ya zamani. Ikiwa ni kutelekeza kwa tukio moja tu, sheria inaruhusu kuomba jina liondolewe baada ya mwaka 1. Unyanyasaji haufutiki.

---

TacomaPwani

Zamu_ya_Usiku, uliomba mtu wa makazi yasiyo nyumba za uuguzi. Huku Washington watu wetu wengi wanaendesha nyumba za familia za watu wazima, kwa kawaida wazee mpaka 6, chini ya sura ya 70.128 ya sheria za jimbo. Kanuni za shirikisho mlizotaja hazifiki hapa, ni leseni ya DSHS, idara ya jimbo ya huduma za jamii na afya. Tofauti kubwa: mara nyingi mmiliki mwenyewe ndiye mtoa huduma. Bima ya dhima ni lazima. Na sura ya 74.34 humpa mzee aliyetelekezwa haki ya kudai mpaka gharama za wakili akishinda, kwa hiyo kesi ndogo nazo hupata wakili.

Kosa linalorudiwa na wamiliki: kumng'ang'ania mzee ambaye hali yake imepita uwezo wa nyumba, kwa sababu chumba kitupu hakilipi. Mzee sasa anahitaji watu 2 usiku na wewe una mlezi 1 aliyelala. Akianguka, mkataba wako mwenyewe ndio utasomwa mbele ya hakimu.

Minnesota makazi ya wazee wanaojiweza kiasi yana leseni ya jimbo tangu Agosti 1, 2021, na mzee anaruhusiwa kamera chumbani kwa sheria iliyoanza kutumika 2020, kwa fomu na ridhaa ya anayelala naye chumba kimoja.

---

Binti Kilwa

Swali la mwisho, wazee wangu. Mzee kafia Houston, watoto wako Tanga. Mmoja ana karatasi ya uwakilishi aliyoandikiwa na baba. Anaweza kudai?

---

Mzee wa Mahakama

Karatasi ya uwakilishi hufa na aliyeiandika. Baada ya mazishi haina nguvu hata ya kuomba faili. Texas, mke au mume, watoto na wazazi ndio wenye madai ya kifo, na kuishi Tanga hakumnyimi mtoto haki hiyo. Wakikaa miezi 3 bila kufungua, msimamizi wa mirathi anatakiwa kufungua, isipokuwa wote wamkatalie. Madai ya maumivu aliyoyapata marehemu kabla ya kufa ni ya mirathi, kwa hiyo lazima mahakama ya mirathi ya huko imteue mtu. Kumtafuta mtu aliye Texas akubali kuteuliwa ndilo jambo linalochelewesha familia nyingi za nyumbani, lianzeni kwanza. Kwa maumivu na majonzi Texas ina ukomo: dola 250,000 kwa taasisi moja. Gharama za matibabu zina hesabu yake nje ya hapo.

Wakili hulipwa asilimia, mara nyingi 33 hadi 40, mkishinda tu. Ulizeni kama gharama za wataalamu zinakatwa kabla au baada ya asilimia hiyo. Kisha Medicare inarudishiwa ilichotumia kutibu jeraha hilo, na riba inatozwa barua ya madai ikipita siku 60 bila kulipwa. Medicaid nayo hudai, lakini kwenye sehemu ya fidia iliyo ya matibabu tu. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu kwenye kesi ya Gallardo, 2022, hiyo ni pamoja na matibabu yajayo, si yaliyopita peke yake. Kwa hiyo mgawanyo wa fidia uandikwe kwenye makubaliano yenyewe kabla ya kusaini, fungu kwa fungu.